Kapita na Miti ya Watoto Wetu

Muti wa kwanza kuanguka ulikuwa na jina la mutoto wangu, na aliyeshika shoka alikuwa babu yake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale pale. Bahati alikuwa mugongoni mwangu, anakula kiazi kitamu, anachungulia juu ya bega langu aone ni nini inayopiga kelele hivyo. Mupaka leo, mutu akipasua kuni nyuma ya nyumba bila kunionya, moyo wangu unaruka.

Majina nayakumbuka yote. Masomo yangu ni madogo: nilikaa kidogo katika shule ya masere, wale watawa, halafu mama akazaa mapacha, nikarudi nyumbani kubeba mumoja. Lakini majina hayanitoki. Niulize nani walikuwa juu ya mizigo siku kamyo ilipolala katika mufereji pale kwenye kona, nitakutajia wote, na dereva, na yule mama aliyeshuka bila kukosa hata yai moja katika kapu lake. Jina moja tu sitaliandika hapa. Sijalisahau. Mwenye jina alikuwa baba mukwe wangu, na kwetu mukamwana hataji jina la baba mukwe, akiwa hai ao akiwa amekufa. Watu wote walimwita Kapita. Basi na mimi nitamwita hivyo.

Alikuwa kapita, ndiyo kusema musimamizi wa kikosi cha barabara, ile inayotoka Masisi kushuka Walikale. Kipande chake ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Chini kabisa unapita muto Osso. Juu ya Osso iko genge, udongo mwekundu uliosimama kama ukuta. Juu ya genge iko barabara, na ng'ambo ya barabara, karibu sana, iko dispanseri yetu na maternite yake. Osso ilikula genge kutoka chini, mvula ilikula kutoka juu. Kila masika ukingo ulisogea karibu na barabara, na sisi wote tulijua: barabara ikishuka, maternite inafuata. Wanawake walibebwa kwa machela ya kipoyi kutoka mbali, hata kutoka Lushebere, waje kuzalia pale. Mimi nilizalia pale. Kabla ya nyumba ile, dada yangu Anastazia alikufia njiani, katika majani. Sasa unaelewa sababu gani mutu mumoja aliweza kulisumbua genge lile miaka yote.

Mwanamume murefu, mukavu, kofia ya kaki ambayo hakuivua hata kanisani mupaka katekista amukoholee. Salamu yake haikuwa jambo wala habari. Alikuwa anauliza, "Mufereji yako iko wazi?" Basi. Ukikutana naye sokoni, mufereji. Harusini, mufereji. Muzee Paulini alipokufa, Kapita alimushika mujane mukono mbele ya watu wote, akainamisha kichwa, akasema, "Pole sana, mama. Mufereji ya nyuma iko wazi?" Tuliingiza vitambaa kinywani tusicheke. Mujane akamujibu na machozi yake: "Iko wazi, Kapita. Marehemu aliifungua Jumamosi." Kapita akatikisa kichwa. "Huyo alikuwa mwanaume," akasema, akaenda kuketi.

Na mimi alikuwa na mutindo mwingine. Kwetu mukamwana na baba mukwe hawaketi pamoja, hawatazamani usoni, lakini salamu wanapeana. Kapita alizidisha. Yeye hata salamu aliipitisha kwa vitu. Mimi niko jikoni, yeye iko uani, hakuna mutu mwingine, utamusikia: "Mulango, mwambie mama Bahati naomba moto ya tumbako." Na mimi namujibu mulango: "Mulango, mwambie Kapita moto inakuja." Mama mukwe wangu, Mama Feza, alicheka mupaka akashika ukuta. "Huyu mulango," alisema, "siku moja atachoka na nyinyi, atahama."

Jambo lililonishangaza tangu nilipoolewa: aliogopa maji. Mutu aliyepigana na Osso maisha yake yote hakuweza kuingiza hata kidole cha muguu ndani yake. Alioga katika beseni. Siku za kushuka chini ya genge kupanga mawe alijifunga kamba kiunoni, akaifunga juu kwa muti, hata kiangazi, wakati maji hayafiki kwenye kifundo. Watu waliopita barabarani walimupigia kelele: "Kapita! Nani amekufunga huko kama mbuzi?" Yeye aliendelea kupanga mawe. Na mbuzi wenyewe aliwachukia, juu ya sababu ninayokuja kusema.

Kwanza alipanda mabingobingo ukingoni, yale majani marefu, mizizi yake ishike udongo. Wanawake wakayakata kulisha mbuzi. Akapanda mianzi. Wanaume wakaikata kujengea lupango, uzio wa uani. Kila alichopanda kilikuwa na mutu wa kukikata, na mwenye kukata alikuwa na sababu nzuri kila mara. Ndipo siku moja akasimama mulangoni pa maternite, akamuzuia baba mumoja aliyekuwa anatoka na muke wake na mutoto.

"Hautoki," akasema. "Kwanza unapanda mukaratusi mumoja ku genge. Na muti inaitwa jina ya mutoto."

Infirmye wetu, muuguzi Gaspari, alicheka, lakini alileta jembe. Mutoto aliitwa Furaha. Huo ndio ulikuwa muti wa kwanza. Baada yake Mapendo, Riziki, Dunia, Zawadi, Mateso, Sifa, na Safari wa Leokadia, na Bahati wangu. Kapita hakukosea mahesabu yake: hakuna mutu aliyethubutu kukata muti wenye jina la mutoto wa jirani. Hata mbuzi walifungwa. Mikaratusi ikapanda haraka kuliko watoto wenyewe, ikasimama mustari mumoja juu ya Osso, na kamyo zikishuka Walikale madereva walipiga honi kusalimia kivuli.

Tulikuwa tunapita pale tukienda mashambani, na lazima tulinganishe. Safari alikuwa murefu kuliko wote, muti nasema, na mama yake alituumiza nao masikio.

"Mama Bahati, wako anakula nini? Umupe hata mafuta ya mawese!"

"Wako ni shingo tupu, Leokadia. Mugongo hana."

"Mugongo utakuja. Wewe lisha."

Tulikuwa tunacheka, lakini siku mutoto akishikwa na homa, mama alikwenda kwanza kuutazama muti, kama majani yamelegea, halafu ndipo alikwenda kwa Gaspari. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Iliingia tu. Na mimi iliniingia.

Uhuru ulipofika, muzungu aliyekuwa bwana wa barabara aliondoka na gari lake, hakurudi, wala mwingine hakuja kushika nafasi yake. Wafanyakazi wa Kapita wakarudi kwenye maharagwe yao. Yeye asubuhi alipiga filimbi kama kawaida, akasimama peke yake barabarani kungojea kikosi ambacho hakipo. Tulimuonea huruma, halafu tukamuchoka, sababu alianza kutukamata sisi tuliopita. "Mama, mikono mitupu hivyo? Beba hata jiwe moja mupaka ku genge." Tulibeba tukinung'unika.

Sasa nafika kwenye upepo.

Kabla ya mvula kuanza, upepo mukubwa unapanda kutoka musitu wa Walikale. Asubuhi moja tulimukuta Kapita amelala kifudifudi katikati ya miti, kofia pembeni, shavu limeshikamana na udongo. Watoto walikuwa wamelala karibu naye wakimuigiza, Safari mbele yao.

"Kapita," Leokadia akamuita, "umelewa kasiksi asubuhi hii?"

Hakuinuka. Akasema tu, "Njoo, Leokadia. Weka mukono hapa."

Akaweka. Uso wake ukabadilika. Na mimi nikainama nikaweka wangu, upande wa mbali na yeye. Mama yangu! Udongo ulikuwa unapumua. Kila mara upepo ulipoinamisha miti, ardhi chini ya kiganja changu iliinuka, halafu ikashuka, kama kifua cha mutu aliyelala. Nilitoa mukono kama nimeshika jiko. Nyuma ya miti, upande wa barabara, majani yalificha ufa murefu. Kapita aliingiza mukono ndani, ukamezwa mupaka kiwiko.

Jumapili, baada ya misa, akasimama nje ya kanisa. Kofia alikuwa ameivua mwenyewe.

"Nilikosea," akasema. "Miti imekuwa mizito. Upepo inaishika kichwa, na mizizi inainua genge yote. Tukiiacha, genge inashuka nayo, barabara inafuata, maternite inafuata. Kesho nakata. Kisiki inabaki, mizizi inabaki kushika udongo. Nakata juu tu."

Hayo ya kisiki hakuna aliyeyasikia. Tulisikia nakata. Leokadia akasogea mupaka mbele yake.

"Unakata nini?"

"Miti."

"Miti gani? Iko na majina. Wewe njo ulisema iitwe majina. Taja. Sema: kesho nakata Furaha, nakata Mapendo, nakata Safari. Sema, batoto bako hapa, basikie."

Kapita aliigeuza kofia mikononi.

"Hauwezi," Leokadia akasema. "Basi kama ni lazima, anza na wa kwako."

Wa kwake alikuwa Bahati. Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Kesho yake nilikwenda. Mume wangu Evaristi alinikataza, nikaenda. Nilifikiri Kapita akiniona na mutoto mugongoni, mukono wake utaanguka. Alinikuta nimesimama karibu na muti, nimeushika. Hakunitazama. Aliutazama muti, akauambia hivi:

"Bahati, mwambie mama yako asimame mbali."

Na Bahati mugongoni mwangu, kwa kusikia jina lake, akaitika: "Eee, babu!"

Watu waliokuwa pale mupaka leo wanahadithia sauti ile. Kapita aliinua shoka. Mimi nilirudi nyuma bila kujua miguu ya nani inatembea. Akapiga. Kila pigo nilimupapasa Bahati miguu kama iko na joto bado. Muti ulipoanguka nilifunga macho. Nilipoyafungua, Bahati alikuwa amemaliza kiazi, anaomba kingine.

Baada ya huo, baba wengine walileta mashoka yao, wengine walikimbia wasione. Mama Furaha alimubeba mutoto akamupeleka Lushebere kwa bibi yake asisikie kelele. Jua liliposhuka ulibaki muti mumoja. Leokadia alikuwa ameketi kwenye mizizi, amenyoosha miguu, Safari juu ya mapaja.

"Pitisha shoka katikati yetu," akasema.

Kapita alisimama murefu vile vile, halafu akaweka shoka begani, akaenda nyumbani. Tulijua atarudi. Hakurudi.

Kiangazi kilichofuata surua ikapita katika mulima wetu. Watoto wote waliugua. Wale ambao miti yao ilikatwa waliwaka homa, wakatoka vipele, wakapona, mumoja mumoja, Bahati pia. Safari akafa. Safari peke yake, ambaye muti wake haukuguswa hata ganda.

Wale waliokuwa wakisema Kapita atatumalizia watoto walimeza maneno yao, na sisi ambao watoto wetu walikuwa wanacheza tuliona haya kuwaita kwa sauti Leokadia akipita. Yeye hakumulaumu mutu. Asubuhi, kabla ya shamba, alikwenda kusimama kwenye muti, kiganja juu ya shina, halafu akaenda kulima.

Na Kapita? Mutu mukali yule, ambaye hakumuhurumia mujukuu wake, hakuugusa muti ule. Alianza kujenga chini yake. Alishuka kila siku na kamba kiunoni, akapanga mawe, akapigilia mianzi, akasokota mabingobingo katikati. Na kamba, unajua aliifunga wapi? Kwenye muti wenyewe wa Safari. Ukianguka, unakwenda naye. Nilipoona hilo nilimwambia Mama Feza, naye akasema, "Nimekwisha kumuona. Niache."

Huku visiki vingine vilikuwa vimechipuka, majani laini yenye rangi ya majivu, na masika yote Kapita alipita na mupanga kuyapunguza yasiwe mazito. Tulizoea. Ulikuwa unabaki ule mumoja, murefu, unayumba, na ukuta wa maternite ukianza kufanya ufa juu ya dirisha. Gaspari alimukamata barabarani mbele yetu.

"Kapita, muti mumoja unatingisha nyumba yangu."

"Najua."

"Ulikata ya mujukuu wako."

"Najua."

"Basi, hii unaiogopa sababu gani?"

Kapita akamutazama kama mutu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Mujukuu wangu iko anakula," akasema.

Halafu ikafika masika ambayo mvula haikutoa nafasi hata ya kuanika nguo. Ufa wa zamani ulifunguka tena kwa upande wa Safari, ukaingia barabarani. Kamyo zilipita tupu, watu na mizigo wakitembea kando ya ukuta. Gaspari alitoa wanawake wazazi wote, akawalaza kanisani juu ya mikeka. Asubuhi moja nilikuwa uani kwa Kapita namenya muhogo. Nikamuona Leokadia anaingia, amelowa, na shoka la mume wake. Nilisimama. Nilifikiri anakuja kumuua, na nilifungua kinywa kuita Evaristi.

"Kapita," akasema, "twende."

Kapita alilitazama shoka. "Mimi sitaweza."

"Nimejua hautaweza. Nimekuja unishikie kamba."

Kapita akaketi chini katika matope, na kofia yake, na suruali yake ya kaki, kama mutoto. Sijaona tena mutu muzima akiketi hivyo. Mama Feza alimuinua kwa makwapa. Tukaenda wote.

Evaristi alipanda akafunga kamba juu, tuivute upande wa barabara, muti usianguke katika Osso na genge lote. Tulishika kamba, wanawake na wanaume, Kapita wa mwisho, amejizungushia mukia wa kamba kiunoni. Kamyo ya mawese kutoka Walikale ikasimama mbele yetu, dereva akatoa kichwa.

"Bamama, munanifungia barabara! Mafuta yangu!"

"Shuka uvute," Mama Furaha akamujibu, "ao mafuta yako itakaangia samaki ya Osso!"

Akashuka akavuta.

Leokadia alikata peke yake. Hakujua shoka, alichukua wakati, na hakuna aliyemuomba amusaidie. Akichoka aliweka kiganja juu ya shina, akapumua, akaendelea. Muti ulipolia kutoka ndani, yeye akapiga kelele moja: "Safari!" Si kilio. Vile unamuita mutoto aingie ndani mvula inakuja. Muti ukaja upande wetu, ukalala barabarani kwa urefu wake wote, na sisi tukaanguka juu ya migongo yetu na kamba mikononi. Nilikaa pale katika matope nikingojea kusikia genge likishuka. Halikushuka. Kipande cha mbele kiliteleza baadaye, kikafika kwenye mawe ya Kapita, kikasimama.

Mvula zilikuwa bado hazijaisha Kapita alipougua kifua. Hakutoka tena nyumbani. Nilimupelekea uji, nikauweka pale mukono wake unapofika, nikageuza uso kama inavyopasa. Alikuwa ameegemea ukuta, kofia juu ya goti.

"Mulango," akasema, sauti imekwisha, "muulize mama Bahati kama amepita ku genge."

"Mulango, mwambie nimepita leo."

Halafu nikasikia mukeka unalia, anageuka. Nilihisi macho yake juu yangu.

"Ile ya Safari," akasema, "imechipuka?"

Si kwa mulango. Kwangu. Miaka yote katika nyumba ile, na sauti yake ikanifikia bila kupita mahali. Nikatazama miguu yangu, nikamwambia: ndiyo, imechipuka kuzunguka kisiki chote, na asubuhi nilimukuta Leokadia pale na mupanga, anapunguza mwenyewe, moja anaacha, moja anatoa, pole pole, kama mutu anayemunyoa mutoto.

"Alitoa ya juu?"

"Alitoa ya juu, Baba."

Mvula ilikuwa inapiga majani ya ndizi. Alikunywa uji kidogo, akapangusa kinywa. Nafikiri hapo ndipo alikumbuka mimi ni nani na yeye ni nani, maana aligeuza uso, akautazama mulango.

"Mulango," akasema, "mwambie mama Bahati mufereji ya nyuma imeziba. Nasikia maji."

Nikatoka, nikazunguka nyumba. Ilikuwa imeziba kweli, matope na majani, maji yamefika kwenye ukuta pale pale alipoegemea kwa ndani. Nikachukua jembe.